Wapasuaji Wetu (Sehemu ya Pili): Mifupa ya Watoto wa Meru na Kazi Aliyoiacha Sarungi

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulimwangalia Profesa Sebastian Kyalwazi wa Hospitali ya Mulago, Uganda, anayetajwa na wengi kuwa Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kufuzu na kutambulika kimataifa kama bingwa wa upasuaji. Leo tunavuka ziwa tuje upande wetu. Nitaanza na Profesa Philemon Sarungi, aliyefariki dunia Machi 2025 zikiwa zimebaki siku chache tu atimize miaka 89. Kisha nitapanda hadi hapa Ngaramtoni, kwa sababu kazi aliyoianza Sarungi bado ina deni kubwa kwenye miteremko hii ya Mlima Meru.

Vijana wengi wanamjua Sarungi kwa siasa. Aliongoza Wizara ya Afya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuanzia 2000 hadi 2005 alikuwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Kabla ya yote hayo alikuwa daktari wa mifupa. Alizaliwa mwaka 1936 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Rorya, mkoani Mara, akaenda kusomea udaktari katika mji wa Szeged, Hungary, na kuhitimu mwaka 1966. Alibaki hukohuko kubobea katika mifupa, akaongeza ujuzi Vienna na baadaye Shanghai, ambako madaktari wa Kichina walikuwa wamejipatia sifa duniani kwa kuunganisha viungo vilivyokatika. Tukumbuke alitoka katika nchi ya namna gani. Mwalimu Nyerere hakuchoka kutukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka walituachia wahandisi wawili na madaktari 12. Nchi nzima, madaktari 12! Kijana wa Mara aliyeamua kusomea tawi moja la upasuaji, akarudi kulifundisha nyumbani, alikuwa anaanza pasipo na msingi wowote.

Aliporudi alifanya kazi Muhimbili na kufundisha chuo kikuu, na anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa kitengo kilichokua na kuwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyopewa sheria yake yenyewe mwaka 1996. Ili tuone thamani ya jambo hilo, inafaa tukumbuke matibabu ya kuvunjika paja yalivyokuwa. Mgonjwa alilazwa chali, msumari ukapitishwa kwenye mfupa chini ya goti, kamba ikafungwa na kupitishwa kwenye gurudumu mwisho wa kitanda, na uzito ukaning'inizwa uvute mguu. Alikaa hivyo wiki sita, nane, pengine zaidi. Baba mwenye watoto watano alilala miezi miwili bila kulima wala kuuza, na mara nyingi aliondoka hospitali na mguu mfupi. Siku hizi bingwa wa mifupa hupitisha chuma ndani ya uwazi wa mfupa, akakikaza kwa skrubu juu na chini, na mgonjwa akaanza kujifunza kusimama kwa magongo baada ya siku chache. Tangu 1999 shirika la SIGN la Marekani limekuwa likizipatia hospitali za nchi kama yetu vyuma vilivyobuniwa viwekwe hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. MOI ni miongoni mwa waliovitumia sana. Kwa majeruhi wa bodaboda hayo ni mapinduzi makubwa.

Lakini kutoka Ngaramtoni hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 600.

Hapo ndipo penye swali la makala haya. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet lilitoa ripoti kuhusu upasuaji duniani, likasema watu bilioni 5 hawana namna ya kupata upasuaji salama wanaoumudu kwa wakati, na kwamba dunia inahitaji operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka ili kuokoa maisha na kuzuia ulemavu. Wataalamu hao walichagua operesheni tatu ziwe kipimo cha hospitali ya ngazi ya wilaya: kumzalisha mama kwa upasuaji, kufungua tumbo kwa dharura, na kutibu mvunjiko wa wazi, yaani ule ambao mfupa umetoboa ngozi. Hospitali inayoyamudu hayo matatu, walisema, itayamudu na mengine mengi, na kila mwananchi anatakiwa awe ndani ya saa mbili kuifikia. Tanzania nayo ikaandaa mpango wa kitaifa wa upasuaji, uzazi na dawa za usingizi, wa 2018 hadi 2025. Ni mpango mzuri kuusoma. Mimi nimekuwa nikiupima kwa mguu wa mtoto mmoja wa Oldonyosambu.

Mtoto huyo si mtu mmoja mahususi, wako wengi. Simama kando ya barabara ya Namanga siku ya soko la Ngaramtoni, akina mama wanaposhuka kwenye vifodi na mizigo ya mboga, utazame watoto wanaotembea nyuma yao. Haitapita muda utamwona mmoja ambaye magoti yake yameachana kama upinde, au mwingine ambaye magoti yamegongana na nyayo zimekwenda kila moja upande wake. Mwangalie pia meno akicheka: yana madoa ya kahawia. Sisi wa huku tumezoea mno kuyaona hata tumeyafanya kitambulisho, mtu wa Arusha anajulikana kwa meno. Madoa hayo na yale matege mara nyingi yanatoka mahali pamoja.

Miamba ya Meru ni ya volkano, na maji yanayopita ndani yake hubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kilikuwa miligramu 8, kwa sababu nchi ilijua haiwezi kufikia kile cha chini, na baadaye ndipo ikakishusha. Katika vyanzo vya pande za Ngarenanyuki na Oldonyosambu kiasi kinapita viwango vyote viwili kwa mbali. Floraidi ikizidi mwilini mwa mtoto anayekua huingia katika ujenzi wenyewe wa mfupa. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa uliokolea weupe, unaodhaniwa kuwa imara, kumbe umejengeka vibaya na unapinda chini ya uzito wa mwili. Hali huwa mbaya zaidi kwa mtoto anayekula vyakula visivyo na kalsiamu ya kutosha.

Maji hayabebi lawama yote. Iko pia sufuria. Mama anabandika maharage au mahindi ya makande, anachukua kipande cha magadi kutoka Ziwa Natron, anakivunja kwa mchi na kutumbukiza kidogo. Maharage yanalainika upesi, kuni zinaokolewa, na chakula kinapata ladha tuliyokulia nayo. Lakini magadi hayo yana floraidi yake, wakati mwingine nyingi sana, na mtoto anaila kila siku. Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila nyumba ilijue: kuchemsha maji kunaua vijidudu, ila hakuondoi floraidi hata chembe. Maji yakipungua kwa kuchemka, floraidi iliyomo inazidi kukolea.

Sasa tumfikishe mtoto wetu hospitalini. Matege ya namna hii hayatibiki kwa dawa mfupa ukishapinda sana. Daktari bingwa wa mifupa hufungua ngozi ya ugoko, akaukata mfupa palepale ulipopinda, akatoa kipande chenye umbo la kabari, akaukata na ule mfupa mwembamba wa pembeni ili usimzuie, kisha akaunyoosha mguu na kuushikilia kwa pini au bamba la chuma. Plasta hufungwa kutoka pajani hadi karibu na vidole. Vidole huachwa wazi makusudi, maana muuguzi atavitazama usiku kucha: vina joto? vina rangi? mtoto anavichezesha? Mguu ukivimba ndani ya plasta iliyobana, damu hukatika, na mtoto aliyeingia na matege anaweza kutoka bila mguu. Kwa wiki sita au zaidi hatakiwi kuukanyagia. Halafu mazoezi, kisha pengine mguu wa pili.

Fikiria sasa nyumba ya huyu mtoto. Iko mbali na barabara, choo ni cha shimo, plasta haitakiwi kulowa, na mama ana wengine wanne wa kulisha pamoja na mbuzi wa kuchunga. Mpasuaji angeweza kuwa hodari kuliko wote waliopata kutokea, na kazi yake yote ikaharibika kwa kukosekana mahali pakavu pa kulala. Huu ndio upande wa upasuaji ambao vitabu vya madaktari haviupi kurasa nyingi.

Hapa kwetu bahati ipo kiasi. Hospitali ya Selian ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri iko hapahapa Ngaramtoni, na mjini kuna ile kubwa ya kanisa hilohilo, ALMC. Mwaka 2008 ikaanzishwa Plaster House, nyumba ya watoto wanaosubiri kufanyiwa upasuaji au wanaopona baada yake: wenye mifupa iliyopinda, wenye nyayo zilizogeuka ndani tangu kuzaliwa, wenye midomo sungura, walioungua moto hadi mkono ukagandamana na mwili. Watoto wanakaa huko wiki hadi miezi, wanalishwa, wanasafishwa vidonda, wanacheza, na kurudi nyumbani wamepona kweli. Naiheshimu sana kazi hiyo. Pamoja na hayo naona vibaya kwamba kitu cha lazima hivi kinategemea michango ya wahisani, wengi wao wa ng'ambo. Mhisani akichoka, nani atamlaza mtoto wa Longido? Nyumba ya namna hii ingepaswa kuwa sehemu ya kila hospitali ya mkoa yenye bingwa wa mifupa, ikapangiwa fungu kwenye bajeti kama zinavyopangiwa dawa.

Kwa swali la nani atafika hadi kwa mwananchi wa chini, daktari aliyenifundisha zaidi hakuwa wa mifupa. Ni marehemu Dakta Godfrey Mbaruku, bingwa wa uzazi, na mahali ni Kigoma. Katikati ya miaka ya 1980, katika hospitali ya mkoa ya Maweni, kati ya kila watoto hai 100,000 waliozaliwa walikufa kina mama 933 kwa sababu za uzazi. Mbaruku hakusubiri msaada wa ndege wala jengo jipya. Alianza kwa kuangalia vifo vilivyokwisha kutokea, kimoja kimoja, na kuuliza kila kimoja kilisababishwa na nini. Damu ilikosekana? Dawa iliisha? Mhudumu hakuwapo, au alikuwapo akamfokea mgonjwa? Kisha akiwa na watumishi wenzake akapanga hatua 22, nyingi zake za gharama ndogo: kufufua vifaa vilivyoharibika, kuhakikisha damu inapatikana, kuwafundisha watumishi wakiwa kazini, na kukaa pamoja kila mama anapokufa ili kutafuta palipokosewa. Kufikia 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström wa Sweden, na yamesomwa duniani kote.

Nimeirudia simulizi hiyo kwa wanafunzi wangu mara nyingi, na kinachowashangaza ni kwamba hakuna mashine mpya ndani yake. Kuna daktari aliyeona kwamba kazi yake inaanzia kabla mgonjwa hajafika mlangoni.

Mbaruku alishiriki pia katika utafiti mwingine, uliochapishwa 2009, kuhusu upasuaji wa dharura wa uzazi katika mikoa ya Mwanza na Kigoma. Waliuliza: ni nani hasa anayewapasua kina mama huko? Jibu likawa kwamba sehemu kubwa mno ya operesheni hizo ilifanywa na madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuiandaa mwaka 1963. Wakalinganisha kazi yao na ya madaktari wenye shahada, na hawakuona tofauti ya maana katika usalama wa mama na mtoto. Wako mabingwa ambao bado wanaibeza kada hii. Wanakosea. Kama ingengojewa digrii ya udaktari ndipo mama wa Kasulu apasuliwe, mama huyo angekuwa kaburini.

Hata hivyo, daktari msaidizi hawezi kufanya kila kitu. Kumnyoosha mtoto mifupa kunahitaji bingwa, na mabingwa wetu wengi wamejazana katika majiji machache. Kwa hilo nalo Arusha ina jambo la kujivunia ambalo wakazi wengi hawalijui: makao makuu ya Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, yako mjini humu. Kilianzishwa mwaka 1999, na hakina majengo ya mihadhara. Daktari anayetaka ubingwa anabaki katika hospitali iliyoidhinishwa, anafundishwa na wapasuaji waliomo humo, kisha anafanya mtihani mmoja na wenzake wa Kenya, Zambia, Malawi, Ethiopia na kwingineko. Faida yake ni hii: anayejifunza upasuaji akiwa katika hospitali ya mkoani, na umeme wake unaokatika na mashine zake chache, anajifunza kuishi na kufanya kazi mahali pa namna hiyo. Sarungi alilazimika kwenda Szeged, Vienna na Shanghai. Binti wa Kiranyi anayemaliza udaktari leo anaweza kuwa mpasuaji bila kuvuka bahari.

Narudi kwenye mifupa ya Meru, maana kuna jambo halijasemwa. Mpasuaji akimnyoosha mtoto miguu, mtoto akarudi kwenye kisima kilekile na sufuria ileile, mfupa unaokua unaweza kupinda tena. Ndiyo maana naona bomba la maji ni sehemu ya matibabu. Serikali imeingiza fedha nyingi katika mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na sehemu ya maji hayo inatoka Hai, ambako floraidi ni kidogo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeonyesha miaka mingi kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe huchuja floraidi kwa gharama ambayo kijiji kinaweza kuimudu. Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, alikotoka Dakta Askwar Hilonga aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya wahandisi wa Uingereza mwaka 2015 kwa kichujio chake cha maji, ina wataalamu wa jambo hili. Ujuzi tunao. Vijiji vya juu na vya nyuma ya mlima ndivyo vimebaki nyuma, na ndiko watoto wenye matege wanakotoka.

Kwa wazazi nina maneno ya moja kwa moja. Si kila tege ni ugonjwa. Mtoto aliye chini ya miaka miwili huwa na miguu iliyopinda kidogo, nayo hunyooka yenyewe. Mengine yanatokana na upungufu wa vitamini D au kalsiamu, na hayo hutibika kwa dawa na lishe yakiwahiwa. Lakini ukiona mtoto amepita miaka mitatu na miguu inazidi kupinda, au umepinda mguu mmoja tu, au analalamika maumivu, usimpeleke kwa mtu wa kumkanda wala usisubiri amalize shule ya msingi. Samaki mkunje angali mbichi, na mfupa vivyo hivyo. Mpeleke hospitali ya Olturumet, Selian au Mount Meru, uombe aonwe na daktari wa mifupa, na umweleze daktari unachota maji wapi na kama unapikia magadi. Magadi yenyewe acha kuyatumia kwenye chakula cha watoto. Loweka maharage usiku kucha, na yatalainika.

Kwa madiwani wa Halmashauri ya Arusha ninaomba mambo mawili tu katika bajeti ijayo. Kila chanzo cha maji kinachotumiwa na shule kipimwe floraidi, na majibu yabandikwe ukutani kwa Kiswahili mahali wazazi watayasoma. Na zahanati zote za wilaya zipewe utaratibu wa kuwaandika watoto wenye miguu iliyopinda na kuwapa rufaa kabla hawajafika darasa la kwanza. Mbaruku alianza kwa kuhesabu. Sisi hatujahesabu.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itawahusu wataalamu wa dawa za usingizi, ambao upungufu wao katika hospitali zetu za wilaya ni mkubwa kuliko ule wa wapasuaji wenyewe.